Mbolea Isiyoota Miiba

Vijana mnaoanza kazi ya mifugo leo mkiwa na glavu mikononi na kitambaa puani, nitaanzia pale kazi yenyewe inapoanzia, yaani kwenye mavi. Mkiona haya, vumilieni kidogo. Mimi nilikuwa na haya kuliko nyinyi nyote. Nilipomaliza kidato cha nne pale Lodwar, miaka ya tisini, nilikuwa msichana wa kuzunguka soko zima ili nisipite mbele ya watu waliokaa. Jambo nililotaka kumwambia mtu nililiandika kwenye shajara, na shajara ile ilinisikia zaidi ya mama yangu mzazi. Siku yangu ya kwanza kazini niliandika hivi: "Leo nimepima kinyesi cha nguruwe. Sitamwambia mtu."

Sasa nimestaafu na ninawaambia nyote.

Banda letu la utafiti lilikuwa nje ya mji, upande wa mto Turkwel, limeezekwa kwa majani ya mkoma ili nguruwe wasiive wakiwa hai. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye kofia ya ukili ambayo nguruwe walikuwa wameitafuna ukingo wote. Aliivaa hivyo hivyo. Alisema ni ushahidi kwamba nguruwe akipewa nafasi atajaribu chochote, na kazi yetu ni kujua kimemfaa au kimepita tu.

Mathenge mnaujua, ule mti wa miiba tunaouita etirae. Ulipandwa kuzuia mchanga, ukaipenda Turkana kupita kiasi. Mwiba wake unatoboa kandambili na tairi la baiskeli, na wafugaji walikuwa wakiutaja kama mtu anavyomtaja jirani aliyemwibia mbuzi. Lakini maganda yake ni matamu, hakuna mtoto wa Lodwar ambaye hajayatafuna. Sisi tulikuwa tukingoja mahindi kutoka Kitale, na lori likichelewa nguruwe walitupigia kelele kana kwamba sisi ndio tuliobomoa barabara. Kwa hiyo Bwana Wafula alikuwa na swali lake: nguruwe anayekua akila maganda ya mathenge, kiasi gani kinageuka kuwa mwili, na kiasi gani kinapita kama abiria?

Njia ya kujua ilikuwa hivi. Kila nguruwe anakaa peke yake kwenye kizimba chembamba, sakafu ya mbao zenye nafasi, chini yake karatasi ya plastiki. Unapima chakula kinachoingia. Unapima alichobakiza. Unakusanya kinachotoka, chote, unakikausha, unakipima. Kilichopungua ndicho alichokichukua. Ukikosa donge moja lililoviringika pembeni, nguruwe wako ataonekana hodari wa kumeng'enya kuliko alivyo, kwa hiyo piga magoti, tazama kona zote. Na ili kujua lini uanze kukusanya, tulimchanganyia unga mwekundu kidogo katika mlo wa kwanza. Mavi yakitoka mekundu, kazi imeanza. Ukimaliza siku zako, unampa tena mwekundu, ukiuona nyuma unafunga hesabu.

Mama Asekon alipouona ule unga mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa mwenzangu bandani, mama wa makamo aliyechunga mbuzi maisha yake yote kabla ukame haujawamaliza. Aliniuliza kama huyu mtu wa Bungoma anataka nguruwe wajipake udongo mwekundu kwa ndani, waende ngoma gani.

Mama Asekon ndiye aliyenifundisha kuingia kizimbani bila kumshtua mnyama. Usimwendee kwa mbele, alisema, na usinyamaze. Ongea. Mimi ambaye sikuweza kuongea na watu niligundua kwamba naweza kuongea na nguruwe siku nzima. Niliwapa habari zote za Lodwar.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyokaribia kufukuzwa.

Mwanzoni tuliwapa maganda mazima, kama yalivyoanguka mtini. Waliyapenda vibaya. Walikula, walinenepa kidogo, na mbolea yao tuliwagawia kina mama wenye mashamba kando ya Turkwel, waliopanda mtama na matikiti maji. Tuliona tunatenda wema. Kisha mvua ikanyesha.

Nilikuwa naosha ndoo nilipowaona kina mama wakija kwa mstari, mbele yao Ata Nakong. Ata ni nyanya kwa Kiturkana, na huyu alikuwa nyanya wa mto mzima. Yeye ndiye aliyesema nani alime wapi. Mkononi alibeba kifungu cha miche ya kijani. Alisalimia vizuri, ejok, tukaitikia ejok. Halafu akaiweka ile miche juu ya viatu vya Bwana Wafula, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Daktari," akasema, "uliniambia unanipa chakula ya shamba. Umenipandia miiba."

Ilikuwa mathenge. Mbegu zilikuwa zimepita tumboni mwa nguruwe nzima kabisa, zikapata joto na mbolea, zikaota katikati ya mtama wa watu. Ata Nakong hakupaza sauti. Alieleza tu kwamba wameng'oa tangu asubuhi, mikono inatoka damu, na mti huu ukishika mizizi kando ya mto, wajukuu wake watalima miiba. Chifu aliitwa, akasikiliza, akaamua pale pale: mbolea ya nguruwe wetu isitoke nje ya ua. Bwana Wafula aliomba nafasi ya kurekebisha. Ata Nakong akaweka sharti lake. Mtandaze tuta moja la mbolea yenu hapa wazi, mlimwagilie maji kama shamba. Mimi nitakuwa nikija kuangalia. Ikiota miiba kabla ya kupanda mtama, nguruwe waondoke.

Chifu akasema na iwe hivyo.

Walipoondoka, Bwana Wafula aliokota mche mmoja, akaugeuzageuza. Nilidhani atakasirika. Alisema huyu nyanya ametufanyia kazi ya maabara bila malipo: sehemu yenye protini nyingi katika ganda imo ndani ya mbegu, na nguruwe wetu hawaigusi. Tukiivunja mbegu, tunapata mambo mawili kwa mpigo mmoja, nguruwe anashiba zaidi na mwiba hauoti. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba tuta la mavi linaweza kuulizwa swali na likajibu.

Kuivunja mbegu hiyo sasa. Tulipeleka magunia kwenye poshomili mjini. Maganda yalikuwa na sukari, na mashine ikipata moto sukari inakuwa gundi. Poshomili ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Mwenye mashine aliingiza mkono akatoa kitu kama keki nyeusi. Alimwuliza Bwana Wafula kama ana mashine nyingine nyumbani anayotaka kuiua, kwa sababu hii haitamwona tena.

Ndipo tukaenda Kakuma. Bwana Wafula alikuwa na shughuli zake huko, na nilitumwa sokoni kambini kutafuta watu wa kutwanga kwa kinu. Fikirini msichana kama mimi, katikati ya soko lile, Kiarabu cha Juba upande huu, Kisomali upande ule. Nilipita mbele ya mama mmoja muuza bamia mara nyingi mno nikijifanya naangalia, mpaka akaniita mwenyewe. Jina lake Achol, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, msalaba wa mbao shingoni, vidole virefu. Alikuwa anauza bamia kavu iliyotwangwa, unga laini kabisa wa kutia mchuzi. Nilimtolea ganda la mathenge, nikaeleza kwa sauti ya chini kwamba likisagwa linakuwa gundi.

Achol alilikunja ganda. Likapinda. Akanionyesha bamia yake moja ambayo haijatwangwa, akaikunja. Ikalia tak.

"Ya bint, bamia iko na gundi kushinda hii yako," akasema. "Ikipinda, rudisha jua. Ikilia, twanga. Usingoje ipoe. Kalas."

Hiyo, vijana, ndiyo elimu ya usagaji wa maganda niliyoitumia mpaka nastaafu. Tulirudi Lodwar tukayatandaza maganda juu ya mabati mchana, wakati bati lenyewe linakuunguza kidole. Tuliyakunja moja moja. Yaliyopinda yalibaki, yaliyolia yaliingia kinuni yangali na joto, yakavunjwavunjwa, ndipo yakaenda poshomili. Mwenye poshomili alikubali baada ya Mama Asekon kumwambia kwamba akikataa, atakaa hapo mlangoni na kuimba sifa za mashine ya mtu mwingine. Nyuma ya maganda tulipitisha mtama mkavu wa kusafisha mashine. Kisha chekeche. Mbegu yoyote iliyobaki juu ya chekeche ilirudi kinuni. Ukitaka kujua unga umekuwa tayari, usiutazame, usugue katikati ya vidole na macho yafumbe. Kidole kinaona mbegu ambayo jicho limeikosa.

Tukaanza upya. Upande mmoja wa banda, nguruwe wa unga: maganda yaliyosagwa, mahindi kidogo, na vichwa vya samaki kutoka Kalokol vilivyokaushwa na kusagwa. Upande wa pili, nguruwe wa maganda mazima, ili Bwana Wafula apate cha kulinganisha. Mavi ya hao yalifukiwa shimoni. Mbolea ya nguruwe wa unga tuliitandaza kwenye tuta la Ata Nakong, nikalimwagilia asubuhi na jioni. Niliandika kwenye shajara kwamba mimi ndiye mkulima pekee duniani anayeomba shamba lake lisiote kitu.

Likaota.

Asubuhi moja niliona majani mawili madogo, kisha mengine, kisha mengine. Bwana Wafula alichuchumaa pale muda mrefu, ile kofia yake iliyoliwa ikiwa mkononi. Alidhani chekeche limetoboka. Nikalikagua, zima. Nikasugua unga wa kila gunia mpaka vidole vikaniwasha, hakuna mbegu. Basi nikachukua mavi ya nguruwe wa unga, nikayaosha kwa maji juu ya chekeche, jambo ambalo siku za mwanzo lingenifanya nilie. Mbegu zilikuwemo, nzima, zimeng'ang'aniwa na vipande vya ganda. Unga hauna vipande vya ganda. Maana yake nguruwe wa unga walikuwa wakila maganda mazima, na mguu wa kuyafuata hawakuwa nao, wamefungiwa.

Jibu lilikuja mchana huo, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya mapipa kwenye kivuli. Mama Asekon aliingia upande wa maganda, akaokota yaliyobaki kihorini, akavuka upande wa pili. Nguruwe wa unga walikuwa wakipiga kelele, kwa sababu harufu ya ganda zima inawafikia. Akamrushia kila mmoja konzi moja, akiwaambia kwa upole kama anavyowaambia wajukuu, kuleni, msiseme mama amewabagua.

Nataka mwelewe. Sisi tumelelewa kwamba mtu hali mbele ya mwenzake anayetazama. Ukija kwangu nina kikombe kimoja cha chai, tunakunywa wote, hata kama ni funda moja kila mtu. Kumwacha kiumbe alie njaa karibu na mwingine anayetafuna, kwa Mama Asekon, hiyo ilikuwa roho mbaya kabisa, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba utafiti unataka roho hiyo. Tulimwambia pima, kusanya, osha. Hatukumwambia kwa nini.

Lakini nitamwambiaje? Ni mama yangu kwa umri. Kwetu binti hamsimamii mama akamwambia umekosea. Na nikimwendea Bwana Wafula kwanza, nitakuwa nimemchongea. Nikinyamaza, tuta litaota tena, nguruwe watauzwa, sote tutarudi nyumbani, na mathenge utabaki wa kulaaniwa tu. Nilikaa nyuma ya yale mapipa mpaka kivuli kikahama. Halafu nikatoka nikamsaidia kuosha vihori, nikasugua kihori kimoja mara nyingi kuliko kilivyohitaji, ndipo nikasema.

"Mama, mbuzi mmoja akiwa mgonjwa, ukichemsha dawa, unawaonjesha zizi lote?"

"Dawa?" akanitazama. "Dawa ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Ukigawanya, inaponya nani?"

"Basi hawa wa huku wako kwa dawa, mama. Unga ni dawa yao. Na wale wa kule, ganda ndiyo yao."

Aliacha kusugua. Alitazama upande huu, akatazama upande ule, akatazama tuta nje na ile miche yake. Niliona jambo lote likimfikia. Akakaa juu ya ndoo.

"Na hii mtu ya Bungoma," akasema baadaye, "hiyo mdomo yake yote, ilishindwa kusema neno moja tu, dawa?"

Alikwenda mwenyewe kumwambia, mikono kiunoni. Nikasikia Bwana Wafula akicheka ndani ya ofisi, kisha akasema amekosa yeye, kwa sababu amefundisha mikono yetu akasahau kutufundisha swali. Tangu siku hiyo hakuna jaribio tulilolianza pale bila sote kukaa chini na kuambiwa linatafuta nini, hata mlinzi. Tukabadilisha na utaratibu: pande zote mbili zinalishwa kwa wakati mmoja, dakika ile ile, Mama Asekon huku na mimi kule, ili asiwepo wa kulia mwenziwe akitafuna. Mabaki yanapimwa na kutolewa nje ya ua papo hapo. Kelele zilipungua. Nguruwe wenyewe walitulia wakala vizuri zaidi, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Ilibaki Ata Nakong. Tungeweza kung'oa miche kabla hajafika. Haikuwa siku yake ya kuja. Bwana Wafula alimtumia mtu aje aone. Alikuja, akaona, uso ukakunjamana. Mama Asekon akamweleza yote kwa Kiturkana, kelele za nguruwe, ganda, konzi moja kwa kila mmoja. Ata Nakong alisikiliza mpaka mwisho, mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka.

"Hata mimi ningewapa," akasema. Akageukia Bwana Wafula. "Umeniita mwenyewe. Futa hii tuta, anza ingine. Lakini sasa maji namwaga mimi."

Na kweli alimwaga. Alikuja na kibuyu chake, akatembea kutoka mtoni, akalimwagilia tuta jipya kana kwamba anataka liote. Tulikusanya kati ya unga mwekundu wa kwanza na wa mwisho bila kukosa donge. Tulikausha, tulipima, sampuli zikafungwa zikaenda maabara Nairobi. Na kila asubuhi nilitoka nje kabla ya chai, nikapiga magoti, shavu karibu na mavi, nikitafuta kijani.

Hakuna. Juma likapita, hakuna. Mbuzi wa jirani walikuja kuchungulia wakaondoka. Majibu ya Nairobi yalipofika, Bwana Wafula aliyasoma amesimama, akayasoma tena amekaa, kisha akairusha ile kofia juu ikaangukia kizimbani na safari hii ikaliwa yote. Nguruwe wa unga walikuwa wamelichukua ganda vizuri kuliko alivyothubutu kuandika katika maombi yake, na mizani yetu ilisema vivyo hivyo, maana walikuwa wamewapita wenzao kwa unene hadi mtu asiyejua kusoma angekuambia. Tulicheza ngoma pale bandani, mtu wa Bungoma akiruka Kiturkana vibaya sana. Nami niliruka. Mbele ya watu.

Lakini ushindi wenyewe haukuwa barua ya Nairobi. Ulikuwa siku ya kupanda mtama. Ata Nakong alikuja na kina mama wake, kila mmoja na karai. Alipiga magoti kwenye tuta, akachimba kwa vidole mpaka chini, akasugua mbolea kiganjani, macho ameyafumba. Sikumfundisha mimi; kidole cha mkulima kinajua. Akasugua tena. Nguruwe peke yao ndio waliokuwa na la kusema.

Akasimama, akanisukumia karai lake kwa mguu.

"Nipakie," akasema. "Jaza."

Tuliwajazia wote mpaka tuta likaisha.

Msimu ule mtama ulisimama kando ya Turkwel mnene, na chini yake hakuna mwiba. Ata Nakong alirudi bandani akiwa na tikiti maji kubwa kichwani, la nguruwe, alisema, kwa sababu wao ndio waliolipika. Tukalipasua juu ya jiwe. Harufu ilipowafikia, banda zima lililia, upande wa unga na upande wa maganda. Mama Asekon alijaza mikono vipande vyekundu, akapiga hatua kuelekea vizimbani, kisha akasimama. Akageuka kunitazama, mimi, binti aliyekuwa hawezi kupita mbele ya watu.

"Akai, hii ni dawa ama ni chakula?"

"Chakula, mama," nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia. "Wape wote."